Msiba wa Shamba la Kasiana

Shangazi alipomuuliza Osmunda Kinunda kama ameshakula, Osmunda alijua kuna kitu kimekufa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa katika Kituo cha Udongo cha Lihwelu. Alikuwa amesimama mbele ya chekeche, tope hadi viwikoni, akitafuta mayai ya vidudu ambavyo watu wengi wangevipiga kandambili. Kipaza sauti cha ukutani kilikuwa kimya tangu alipoingia. Sasa kiliongea kwa ile sauti ya mama wa makamo, yenye kupitia puani kidogo, ambayo milima yote ya Umatengo iliifahamu.

"Nimekunywa uji," Osmunda alijibu. "Kuna nini, Shangazi?"

"Vizuri. Na hapo ulipo uko na nani?"

"Peke yangu."

"Basi vuta kiti ukae."

Osmunda hakuvuta kiti. Kwao habari mbaya hairushwi kama jiwe. Unaulizwa umekula, unaulizwa uko na nani, unaambiwa mgonjwa hali yake si nzuri, jitahidi uje. Unasafiri kutwa nzima huku unajua na hujui, mpaka unapofika uani na kuona watu wamekaa chini, ndipo unapolia ukiwa tayari umeshikwa mikono pande zote mbili. Hivyo ndivyo alivyopewa habari ya baba yake. Na hivyo ndivyo mashine hii ilivyokuwa inampa habari sasa.

"Ni shamba la Mama Kasiana," Shangazi alisema. "Halijisikii vizuri. Jitahidi uende, na usiende peke yako."

Kwenye nyaraka za serikali Shangazi aliitwa Mfumo wa Taarifa za Udongo Hai, jina ambalo hakuna aliyewahi kulimaliza bila kupiga miayo. Chini ya kila shamba la mlima ule waliishi nyungunyungu wa kutengenezwa, wembamba kama kamba ya kiatu, waliokula uozo kama wenzao wa asili na kuonja kila kitu walichopitia: chumvi, unyevu, joto, vimelea. Walichoonja kilipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine mpaka kituoni. Nyungunyungu walionja, Shangazi alisema. Alimwambia mtu shamba lake lina kiu, lina njaa, linataka kupumzishwa au limechoshwa na mahindi. Watu walimpa jina hilo siku ya pili tu baada ya kuwashwa, kwa sababu alizungumza bila kuulizwa na alijua ya kila nyumba. Osmunda mwenyewe, daktari wa udongo mwenye vyeti vya kutandika ukuta mzima, alimwamkia shikamoo kila asubuhi, ingawa viatu alivyovaa vilikuwa na umri mkubwa kuliko Shangazi.

Aligusa kioo cha mezani kwa kidole chenye tope. Shamba la Kasiana Hyera lilitokea, mteremko uliochimbwa ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo wazee wa Umatengo walikuwa wakiyachimba tangu enzi na enzi, nyasi zikifukiwa kwenye kingo na maharage kupandwa juu yake. Kila ukingo ulitakiwa kung'aa kijani. Zote zilikuwa nyeusi. Ukungu mweusi ulikuwa umepita chini ya mteremko mzima, toka juu hadi mpakani.

"Tangu lini?" Osmunda aliuliza.

Shangazi alisita. Mashine haina sababu ya kusita, lakini huyu alifundishwa na watu.

"Tangu wiki iliyopita," alisema.

* * *

Dakta Alanus Mapunda, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, aliyekunywa chai yake ingali inaunguza na kutembea kama anayefukuzana na basi. Alipoona ule weusi kwenye kioo aliitua chai yake bila kuinywa, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kilio.

"Aina arobaini na ngapi za maharage?" aliuliza.

"Arobaini na tatu," Osmunda alisema. "Msimu uliopita."

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Kizazi kimoja nyuma milima ile ilipandwa mahindi ya aina moja na maharage ya aina moja, kwa mbolea ya gunia, mpaka udongo ukawa kama vumbi la simenti na mvua ikawa inaubeba tu kwenda mtoni. Ulipoanza kufufuliwa, iligundulika kwamba nyungunyungu peke yao hawatoshi. Udongo ulitaka mizizi ya kila namna, mirefu na mifupi, ya mapema na ya kuchelewa. Mbegu za namna hiyo zilikuwa zimebaki kwa mjane mmoja ambaye hakuwahi kukubali kupanda kitu kimoja kwa sababu, kwa maneno yake, alichoka macho. Kituo kilikuwa na jokofu lake la mbegu, lakini nusu ya zilizomo zilikuwa hazioti tena. Kila msimu walikwenda kwa Kasiana na vikapu, kama watu wanaokwenda kuomba moto.

"Wiki nzima," Mapunda alisema. "Shangazi, ulijua wiki nzima ukamwambia nini mwenye shamba?"

"Nilimwambia udongo umechoka kidogo."

"Umechoka! Shamba linakufa, wewe unasema limechoka!"

"Alikuwa peke yake nyumbani, Daktari. Habari kama hiyo hapewi mtu aliye peke yake. Nilimwambia mdogo wake, Gaudens, ili ampelekee."

"Na Gaudens?"

"Alisema tusubiri kidogo, dada yake ana presha. Akamwambia mkewe. Mkewe akasema yeye ni mkwe, hawezi kupeleka neno kama hilo, akamwambia katekista. Katekista akasema ngoja Jumapili. Jumapili akahubiri juu ya subira, akarudi nyumbani. Nikamwambia Mama Redempta wa jirani. Alikwenda na ndizi, akakaa, akarudi. Baada ya hapo nimewaambia wengine sita. Wote wamekwenda. Wote wamebeba kitu."

Osmunda alifunika uso kwa kiganja. Aliiona wiki nzima ilivyokuwa, mlima mzima unajua, unapishana njiani ukinong'ona "umeshamwambia?" na yule mmoja tu asiyejua anazidi kuletewa ndizi.

"Ungesema siku ya kwanza," Mapunda alisema taratibu, na hapo ndipo Osmunda alipojua amekasirika kwelikweli, "tungechoma kona moja. Sasa tunachoma shamba zima. Mvuke kesho asubuhi, mpaka chini ya mizizi, na kila mbegu iliyotoka humo msimu huu. Na huyu," alinyoosha kidole ukutani, "anabadilishwa leo. Habari itoke ardhini iende moja kwa moja kwa mwenye shamba, saa ile ile, bila umekula wala uko na nani. Natoa idhini yangu. Nataka na yako."

Mabadiliko ya namna hiyo yalihitaji sauti za watu wawili. Osmunda alifuta tope kwenye kidole chake. Mapunda alikuwa sahihi, na kuwa kwake sahihi kulimuudhi.

Lakini alimkumbuka mzee Egno Turuka wa mlima wa pili. Kabla ya Shangazi palikuwa na mashine nyingine, iliyosema kweli bila kupepesa. Ilimwambia mzee Egno alfajiri moja, akiwa peke yake kati ya mibuni yake, kwamba mibuni yote imekufa na haitafufuka. Alikutwa kesho yake amekaa pale pale. Alikuwa hai, na hadi leo yu hai, anakaa kwa binti yake na kula akilishwa, lakini hajashika jembe tena wala kumaliza sentensi. Baada yake watu wa mlima ule waliwang'oa nyungunyungu wakawatupa barabarani. Ndiyo maana Shangazi alipotengenezwa walimweka kwanza majumbani mwa watu misimu mitatu, asikilize tu jinsi wanavyoambiana mambo.

"Nikishamwambia Mama Kasiana," Osmunda alisema. "Ukiniuliza baada ya hapo nitakujibu. Sasa hivi siwezi."

"Mpaka kesho jioni," Mapunda alisema.

* * *

Alimpitia Gaudens Hyera, akamkuta anafunga kamba ya mbuzi iliyokuwa tayari imefungwa. Mtu mzima mwenye mabega ya kubebea magogo, lakini alipomwona Osmunda anaingia uani alijikunja kama kuku aliyenyeshewa.

"Twende," Osmunda alisema. "Tutakwenda wote wawili."

"Daktari, mimi nilitaka... kila nikifika ananipa chakula."

"Najua. Twende."

Njiani walijiunga na Mama Redempta, kisha katekista, kisha watu wengine ambao hawakuitwa na hakuna aliyewauliza. Walipofika walikuwa kundi. Kasiana alikuwa amekaa kizingitini anapukuchua maharage, mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye macho yaliyozoea kutania. Aliliona kundi lile linapanda kilima kimyakimya, na ungo ukamponyoka mapajani.

"Shikamoo, mama," Osmunda alisema.

Kasiana hakuitikia. Alisimama akishika mwimo wa mlango.

"Semeni," alisema. "Semeni sasa. Nimekula, nimekunywa, nimelala, wiki nzima mnaniletea ndizi na kunitazama. Katekista amenishika mkono mara mbili. Nimempigia Desideri simu, hapokei. Semeni tu mwanangu ameanguka."

Desideri, mtoto pekee wa Kasiana, alikuwa fundi wa minara ya upepo Makambako, kazi ya kupanda juu kuliko kanisa lolote. Na kule juu minarani simu haishiki. Wiki nzima mama huyu alikuwa akimzika mwanawe moyoni, akipokea ndizi.

"Mama, Desideri mzima," alisema haraka. "Mzima kabisa, hana lolote. Ni shamba. Shamba limeingiwa na ukungu mweusi. Limekufa lote. Kesho tunalichoma kwa mvuke."

Kasiana alimtazama. Kisha akacheka. Kicheko kilimtoka kwa kelele mpaka akakaa chini, akipiga goti kwa kiganja.

"Shamba?" alisema. "Yesu na Maria. Shamba! Nilidhani Desideri! Nyinyi watu, mnataka kuniua? Shamba!"

Wengine wakaanza kucheka naye, kwa aibu na kwa nafuu, Gaudens kwa sauti kubwa kuliko wote. Kilichukua muda kicheko kile. Kisha Osmunda akaona kinavyogeuka. Kasiana alikuwa ameanza kuokota maharage yaliyomwagika, moja moja, mkono ukipita juu ya mekundu, ya zambarau, yenye madoa, na mahali fulani katikati ya kuokota mkono ukasimama.

"Na haya pia?" aliuliza.

"Haya pia, mama. Yote yaliyotoka humo msimu huu."

"Na masista?"

Masista yalikuwa maharage meusi yenye shingo nyeupe, yaliyoitwa hivyo kwa kufanana na watawa wa misheni. Mama mkwe wake ndiye aliyempa.

"Na masista," Osmunda alisema.

Hapo Kasiana alilia kama watu wanavyolia, na mikono ilikuwa tayari kila upande. Mama Redempta alimshika huku, Gaudens kule, na Osmunda aliyedhani kazi yake ni kusema tu akajikuta amepiga magoti vumbini, analia naye bila kujua ameanza saa ngapi.

* * *

Gari la mvuke lilipanda asubuhi iliyofuata likinguruma, na mabomba yake marefu yakazamishwa katika kingo za ngoro moja baada ya nyingine. Mvuke ule hauchagui. Unaua ukungu, unaua mizizi, unaua vidudu vyema na vibaya, unaua hata nyungunyungu. Shangazi, kwa kipaza sauti kilichofungwa uani kwa Kasiana, aliendelea kutaja kila ukingo ulivyonyamaza, mpaka Mapunda akamwomba anyamaze, na alimwomba kwa upole. Mbegu za msimu zilitiwa katika pipa la moto mbele ya Kasiana mwenyewe. Alizimimina kwa mkono wake. Kibuyu cha masista alikikumbatia kidogo, akamtazama Osmunda, na Osmunda akatamani ardhi impasukie, kwa maana alijua anaombwa nini. Alitikisa kichwa. Kasiana akamimina.

Shamba lilipokwisha, lilibaki linatoa moshi mweupe kama ugali uliotoka jikoni.

Watu hawakuondoka. Hakuna aliyetangaza msiba, lakini mkeka ulikuwa umetandikwa uani, mafiga yalikuwa yamewekwa, na kila aliyefika alikuja na chochote, kama inavyokuwa penye kilio: unga, mafuta, kuni, bakuli la maharage ya kutia chunguni. Wanaume walikaa upande mmoja wakizungumza mambo yasiyo na maana. Mapunda, aliyetaka kuondoka na gari lake, alipewa kigoda na kikombe cha chai, akajikuta hana pa kwenda.

Kasiana alikaa na wanawake waliokuwa wakichambua maharage. Walimkataza, yeye ndiye mfiwa, lakini alisema mikono ikikaa bure itamtia wazimu. Akavuta ungo wa Mama Redempta, akaanza kutenga mawe na mabovu. Akachambua kidogo. Akaacha.

"Redempta," alisema. "Haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani."

"Haya ni macho ya njiwa."

"Si ulinipa mwenyewe? Mwaka ule nimejifungua Kastuli."

"Nilikupa uyale! Nilikupa mboga!"

"Nilikula," Mama Redempta alisema, akianza kujitetea kama mtu aliyeshikwa. "Nilikula mengi. Nikabakiza kidogo nikapanda nyuma ya jiko, yalinipendeza tu. Nimekuwa nikipanda kidogo kidogo."

Kasiana alinyanyuka. Alikwenda kwenye sufuria iliyokuwa tayari jikoni, akaikamata kwa kanga, akaitua chini kabla maji hayajachemka.

"Mtu asitie kitu chunguni!" alipiga kelele. "Leteni mabakuli! Yote!"

Yaliletwa. Yakamiminwa kwenye nyungo, mkekani, kwenye vifuniko, mpaka ua ukajaa rangi. Kasiana alipita akiinama, akiyaita kwa majina. Kablanketi, bwana harusi, damu ya kuku. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Huyu alipewa siku ya kipaimara, huyu aliazima akasahau kurudisha, yule wa kule aliiba na sasa anaungama mbele ya katekista. Wengine walikimbia nyumbani kuleta zaidi. Kasiana alikuwa mtu wa kugawa. Kila aliyefika kwake hakutoka mikono mitupu, na miaka yote alidhani wameyala.

Osmunda alisimama kati ya nyungo zile akizihesabu. Kituo hakikuwahi kujua. Shangazi hakuwahi kujua. Nyungunyungu hawakuruhusiwa nyuma ya majiko, kwa sababu wanawake wa mlima ule walikataa katakata kuchunguzwa na mashine wakiwa na wenzao jikoni. Kituo kilihesabu mashamba, na mbegu zilikuwa zimeishi kwenye vijishamba vya nyuma ya nyumba, kila moja kwenye udongo wake, kwenye majivu na maji ya vyombo, zikizoea.

"Zipimwe kwanza," alisema. "Mama, usizishike bado. Zipimwe."

Kipimo kilikuwa chepesi. Unaloweka mbegu chache katika maji ya vuguvugu, unatia tone la dawa, unasubiri. Maji yakibaki meupe, mbegu ni safi. Yakigeuka zambarau, ukungu umo. Mapunda alivua koti akaja kusaidia, vikombe vikapangwa kwenye benchi la kanisa lililoazimwa, na ua mzima ukaja kusimama nyuma yao. Kikombe cha kwanza kilibaki cheupe. Cha pili pia. Watu walianza kushangilia kila kimoja kama mabao ya mpira. Masista yalitoka kwenye mfuko wa shati la mzee mmoja aliyekuwa akiyatumia kuchezea bao, na hayo nayo yalibaki meupe, na Kasiana akaketi chini kabisa.

Hazikurudi zote. Walipofika mwisho Kasiana alizitaja zilizokosekana, kwa sauti ya chini, kama majina ya marehemu kwenye misa. Zilikuwa saba. Lakini thelathini na sita zilikuwa pale, mbele yake, hai.

Kikombe cha mwisho kiligeuka zambarau.

Kilikuwa cha Gaudens. Alikuwa amechuma maharage yale asubuhi ile ile, kona ya chini ya shamba lake, pale linapopakana na la dada yake, kwa sababu alitaka kuleta kitu kipya. Hakuwa ameona kikombe. Alikuwa amesimama pembeni na mzee wa bao, anacheka.

Mapunda alikiona. Osmunda alimwona anakiona, na akamwona yule mtu wa kweli isiyopepesa anatazama mbele, anatazama chini, kisha anamsogelea sikioni.

"Mwambie wewe," alinong'ona.

Wangecheka, kama ingekuwa siku nyingine. Osmunda aligeuka, na macho yake yenyewe, bila ruhusa yake, yakaanza kumtafuta katekista. Katekista alikuwa karibu. Ingekuwa rahisi. Aseme tu neno moja, naye angelipeleka kwa mke wa Gaudens, na mke angesubiri watu waondoke. Katika kifaa kidogo cha mawasiliano alichovaa shingoni alimsikia Shangazi akivuta pumzi asiyokuwa nayo.

"Osmunda," Shangazi alisema polepole. "Sasa hivi nyungunyungu wa kona ile wameonja kitu. Nilikuwa najiuliza nimwambie nani."

"Mwambie mwenye shamba," Osmunda alisema. "Lakini leo acha, nitasema mimi."

Akakiinua kikombe ili kila mtu akione.

"Kaka Gaudens," alisema. "Ukungu umevuka mpaka. Umo kwenye shamba lako."

Kicheko kilikatika. Gaudens alikitazama kile kikombe, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta pa kushika. Mzee wa bao alimshika mkono. Mtu mwingine akamshika wa pili. Hakuna aliyepaswa kuitwa, walikuwa pale tayari.

"Lote?" Kasiana aliuliza. Alikuwa ameshasimama.

"Kona ya chini tu, mama," Shangazi alijibu, safari hii kwa kipaza sauti cha uani, mbele ya wote. "Umeingia asubuhi hii. Ukichimbwa mtaro leo, sehemu iliyobaki itapona."

Kasiana hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda ukutani akachukua jembe lake, akachukua na la marehemu mumewe, akaanza kushuka. Wanawake waliacha nyungo. Wanaume waliacha vigoda. Majembe yalitoka kila nyumba waliyopita.

Osmunda na Mapunda walibaki nyuma kidogo.

"Umepata jibu langu?" Osmunda alimuuliza.

"Nimelipata," Mapunda alisema, akijifuta jasho. "Siku ile ile."

"Siku ile ile, kwa mwenye shamba mwenyewe. Na dakika hiyo hiyo Shangazi awaite majirani waende, wawepo anapoambiwa. Habari isitangulie watu, na watu wasiifiche."

"Na wasipokwenda?"

Osmunda alifikiri. Aliwaza juu ya mzee Egno kati ya mibuni yake, na juu ya mama anayepokea ndizi na kumzika mtoto aliye hai.

"Jua likianza kushuka na hakuna aliyekwenda, Shangazi amwambie. Na aendelee kuongea naye mpaka mtu afike. Asimwache na ukimya."

"Natoa idhini," Mapunda aliiambia hewa.

"Na mimi," Osmunda alisema.

"Nimesikia," Shangazi alisema. "Nilikuwa sipendi kuficha. Nilidhani ndivyo mnavyopendana."

Osmunda alijua ilikuwa kweli. Akavua viatu, akashuka.

Mtaro ulikuwa tayari umefika magotini alipofika. Watu walichimba kwa mstari, bega kwa bega, udongo mweusi ukirushwa upande wa shamba lililokwisha kuchomwa, na juu ya mstari maharage ya Gaudens yaliyosalimika yalisimama na maua yake. Gaudens alikuwa ameinamia jembe bila kulitumia, kando ya dada yake. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mpini.

"Dada," alisema. "Nilijua wa kwanza. Wiki nzima nilikuja kula kwako, nikakunyamazia."

Kasiana hakuacha kuchimba.

"Najua," alisema. "Sogea hapa kwangu, hapa pagumu. Chimba."